Dawa ni Bure, Ugonjwa ni Ghali

Kifua kikuu kinamsumbua kila anayeamini kwamba tatizo la gharama za matibabu ni bei ya dawa. Vidonge vyake hutolewa bure karibu kila nchi. Kipimo cha makohozi nacho mara nyingi ni bure. Mgonjwa haandikiwi ankara, haombwi dhamana, wala hakuna mhasibu anayemsubiri mlangoni siku ya kumaliza dozi. Kwa hesabu ya kawaida, huo ungekuwa ugonjwa unaouacha mfuko wa mtu kama ulivyoukuta.

Haiko hivyo. Nchi kadhaa zilifuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) zikaanza kuwauliza wagonjwa wametumia nini na wamekosa nini tangu waanze kukohoa. Ikaonekana kwamba takriban nusu ya kaya zenye mgonjwa wa kifua kikuu hupoteza zaidi ya asilimia 20 ya mapato yao ya mwaka. Kwa wenye kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, ni zaidi ya kaya nane katika kila kumi. Mwaka 2014 nchi wanachama wa WHO zilikuwa zimekubaliana kwamba kufikia 2020 isiwepo hata familia moja inayofilisika kwa sababu ya ugonjwa huu. Mwaka 2020 ukafika, ukapita.

Fedha hizo zilikwenda wapi, ikiwa dawa ni bure?

Nyingi zilikwenda kabla dawa haijaanza. Mtu anakohoa, ananunua dawa ya kikohozi. Haisaidii, anaenda kwa daktari wa kwanza, anapewa antibayotiki. Wiki tatu baadaye anaenda kwa wa pili. Anapigwa picha ya eksirei, anarudi kazini nusu mgonjwa, anazidiwa tena. Mpaka jina la ugonjwa linapotajwa, akiba imeshaliwa na majibu yasiyo sahihi. Halafu matibabu yanaanza na kazi inasimama, kwa sababu mwili hauna nguvu au kwa sababu mwajiri hataki mtu anayekohoa. Nauli za kwenda na kurudi zinahesabika kwa miezi. Chakula kinapanda bei ndani ya nyumba ileile, kwa maana mgonjwa aliyekonda anatakiwa ale vizuri kuliko alivyokuwa akila alipokuwa na kipato.

Nimeanza na kifua kikuu kwa sababu kinaondoa kisingizio. Tunapozungumzia saratani, figo au moyo, macho yote huenda kwenye bei ya chupa ya dawa au ya kipimo, na ni kweli bei hizo zinatisha. Lakini ukiziondoa zote, ukafanya kila kidonge kiwe bure kama cha kifua kikuu, bado nusu ya nyumba zingeweza kuanguka. Hilo ndilo jambo ambalo mijadala ya bima na bajeti za afya hulipita kwa haraka.

Nilimuuguza mtu wa karibu kwa miezi mingi, na nilikuwa na jalada la risiti kwa ajili ya bima. Kila karatasi ilikuwa na muhuri. Siku moja, nikitafuta kalamu, niliokota daftari la kawaida ambalo dada yake alikuwa akiandika mambo mengine: teksi ya usiku ule alipobanwa pumzi, godoro jipya kwa sababu la zamani lilikuwa linamchubua, nepi za watu wazima, vocha za simu za kuwapigia ndugu, malipo ya kijana aliyeshika biashara yake siku za matibabu, viatu vya mtoto vilivyoahirishwa mara mbili. Sikufanya hesabu ya jumla, na nakiri sikutaka kuijua. Ila daftari lilikuwa nene kuliko jalada, na hakuna ofisi yoyote duniani ambayo ningeweza kulipeleka.

Lugha yetu inajua jambo hili vizuri kuliko bima zinavyolijua. Tuna kuugua, na tuna kuuguza. Ni mzizi mmoja, ila watu ni wawili. Kwenye mashine ya kusafisha damu anaonekana mtu mmoja kitandani. Matibabu hayo kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, sawa na vikao 156 kwa mwaka, bila kuhesabu safari wala foleni. Kwenye benchi la nje amekaa wa pili, na siku zake za kazi zinakatwa vilevile. Kaya iliyokuwa na vipato viwili inabaki na kimoja na nusu, kisha nusu, na fomu ya hospitali bado imeandikwa "idadi ya wagonjwa: 1".

Chukua pia tiba ya mionzi. Kwa saratani nyingi ratiba ya miaka mingi imekuwa siku tano kwa wiki, kwa wiki tano au sita. Kila kikao huchukua dakika chache. Mashine inafanya kazi yake, mgonjwa anavaa, anatoka. Lakini kwa anayeishi mbali na mji wenye mashine, dakika hizo chache humaanisha kuhama nyumbani kwa mwezi mzima na zaidi: kupanga chumba, au kuwaelemea jamaa, au kusafiri kila alfajiri na mwili ambao kila wiki unachoka zaidi. Bei ya mionzi yenyewe inaweza kuwa imelipiwa yote, asilimia mia, na mtu akashindwa kumaliza.

Sasa tuangalie dunia inavyolipima tatizo hili, maana kipimo kina upofu wake.

Ripoti ya WHO na Benki ya Dunia ya mwaka 2023 ilitumia takwimu za 2019 na kueleza kwamba watu wapatao bilioni 2 walikuwa wakipata shida ya kifedha kwa sababu ya malipo ya afya kutoka mfukoni. Kati yao bilioni 1 hivi walitumia zaidi ya sehemu moja ya kumi ya bajeti ya kaya kwa matibabu, na watu milioni 344 walisukumwa au kuzamishwa zaidi katika umaskini uliokithiri. Kipimo cha asilimia 10 ndicho kilichotumika kwa miaka mingi kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu, pamoja na kile kikali zaidi cha asilimia 25.

Ni takwimu nzito, na sizidharau. Ila soma tena kinachohesabiwa: malipo ya afya. Nauli haimo. Mshahara uliokosekana haumo. Siku za mwuguzaji hazimo. Hesabu ya kifua kikuu niliyoanza nayo inajumuisha hayo yote, na ndiyo maana inatoa picha ya ugonjwa wa bure unaofilisi. Laiti kifua kikuu kingepimwa kwa kipimo hiki kingine, wagonjwa wengi wangeonekana hawana shida kabisa.

Upofu wa pili ni mbaya zaidi. Mtu aliyeambiwa ana uvimbe, akasikia bei, akarudi nyumbani kulala, matumizi yake ya afya ni sifuri. Kwenye takwimu, sifuri hiyo inasomeka kama usalama. Kaya iliyokata tamaa na kaya yenye afya njema zinakaa kwenye safu moja ya jedwali. Nchi inaweza kuonyesha asilimia ndogo ya watu wanaofilisiwa na matibabu kwa sababu imewalinda vizuri, au kwa sababu watu wake hawaendi kabisa hospitali, na namba peke yake haikuambii ni ipi. Wataalamu wanaoandaa ripoti hizi wanalijua hilo, na huziweka namba hizi pamoja na zile za upatikanaji wa huduma. Wanasiasa hunukuu ile inayowapendeza.

Kwa wale wanaotibiwa, kuanguka kuna mpangilio wake. Akiba hutangulia, na hiyo kwa wengi haichukui muda. Kisha mikopo midogo kwa watu wa karibu, ile ya "nitakurudishia mwisho wa mwezi". Kisha kinauzwa kitu. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini, kwa sababu kuna tofauti kubwa kati ya kuuza kitu kinachokaa tu na kuuza kitu kinachozalisha. Anayeuza televisheni amepoteza televisheni. Anayeuza cherehani, pikipiki, shamba au mtaji wa duka amepoteza mapato ya miaka ijayo ili alipe ankara ya mwezi huu, na hata akipona atarudi kwenye maisha ambayo hayapo tena. Baada ya hapo huja masomo ya watoto. Na sambamba na yote hayo, kimyakimya, huja kukata dawa.

Kukata dawa hakuonekani. Kidonge cha kila siku kinakuwa cha siku moja moja. Dozi ya mwezi inavutwa iwe ya wiki sita. Mgonjwa anaruka kipimo cha kudhibiti maendeleo kwa kusema alisahau. Daktari anasoma matokeo na kuona dawa haifanyi kazi, hivyo anabadilisha na kuandika nyingine, mara nyingi yenye bei ya juu zaidi. Hapo umaskini umeingia kwenye faili la hospitali ukiwa umevaa jina la ugonjwa sugu.

Kwamba haya yanaua si dhana tu. Mwaka 2013 watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, walilinganisha rekodi za wagonjwa wa saratani na za majirani zao wasio na saratani, wakazioanisha na rekodi za mahakama za ufilisi. Wenye saratani walikuwa na uwezekano wa kutangazwa muflisi mara 2.65 zaidi. Miaka mitatu baadaye walirudi kwenye data hizo na swali lingine: kati ya wagonjwa wenyewe, je, waliofilisika walikufa zaidi? Hatari yao ya kufa ilikuwa juu kwa asilimia 79 kuliko ya wagonjwa wenzao waliolingana nao lakini hawakufilisika. Mtu anaweza kusema pengine waliofilisika walikuwa na saratani mbaya zaidi tangu mwanzo, na ni hoja ya haki. Watafiti walijitahidi kulinganisha wagonjwa wa hatua zilezile. Hata ukipunguza namba hiyo kwa nusu kwa ajili ya shaka, bado ingekuwa athari ambayo kampuni yoyote ya dawa ingelazimishwa kuiandika kwenye kikaratasi cha ndani ya boksi.

Wazo hilo la athari ya dawa lina jina: sumu ya kifedha. Madaktari Yousuf Zafar na Amy Abernethy walilieneza mwaka 2013, wakisema madeni na hofu ya fedha vihesabiwe kama sumu ya matibabu, kwenye orodha moja na kichefuchefu na kunyonyoka nywele. Mwaka uliofuata watafiti wa Chicago walitoa dodoso fupi la kupima sumu hiyo kwa mgonjwa wa saratani. Ninalipenda wazo hili kwa sababu linamwondolea mgonjwa aibu. Hakuna anayeona haya kusema ametapika. Wengi wanaona haya kusema wameshindwa nauli.

Na hawaulizwi. Mgonjwa anaulizwa maumivu yako ni kiasi gani, kutoka sifuri hadi kumi. Anaulizwa usingizi, choo, hamu ya kula. Swali la fedha linaachwa kwa dirisha la malipo, ambalo halina mamlaka ya kubadilisha chochote isipokuwa kusema ndiyo au hapana. Nimezungumza na madaktari wanaokiri kwamba hawaulizi kwa kuwa hawana la kujibu: "Nikiuliza akaniambia hana, nitampa nini?" Ni jibu la mtu mwaminifu, na hata hivyo nadhani si sahihi. Daktari ana mengi mkononi yanayogusa fedha bila kugusa fedha. Anaweza kupanga kipimo na kliniki siku moja badala ya mbili. Anaweza kuandika dawa ya miezi mitatu badala ya mmoja. Anaweza kuchagua, kati ya dawa mbili zinazolingana, ile isiyohitaji kipimo cha damu kila wiki. Anaweza kusema kwamba kipimo fulani hakitabadilisha uamuzi wowote, kwa hiyo kiachwe. Ratiba ya matibabu ni sera ya fedha, hata kama aliyeiandika alikuwa akifikiria mwili peke yake.

Ushahidi wa hili uko ndani ya tiba yenyewe. Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya jaribio la Uingereza liitwalo FAST-Forward, kwa wagonjwa wa saratani ya matiti ya hatua za mwanzo baada ya upasuaji. Mionzi ya vikao vitano ndani ya wiki moja haikuwa duni kuliko vikao kumi na tano ndani ya wiki tatu. Safari kumi zimefutwa, na saratani hairudi kwa wingi zaidi. Unafuu huo haukuhitaji mgonjwa apewe ruzuku na bima wala serikali, na kwa anayetoka mbali unaweza kuzidi punguzo lolote la ankara. Kifua kikuu sugu nacho kilikuwa kikitibiwa kwa miezi 18 au zaidi. Tangu 2022 WHO inapendekeza, kwa wagonjwa wengi wenye ugonjwa huo, mchanganyiko wa vidonge wa miezi sita.

Dozi nayo si maandiko matakatifu. Abiraterone, dawa ya saratani ya tezi dume, huelekezwa inywewe tumbo likiwa tupu, kwa sababu chakula huongeza sana kiasi kinachofyonzwa mwilini. Watafiti wakageuza swali: kwa nini tusitumie chakula hicho? Utafiti mdogo wa wagonjwa 72, uliotoka mwaka 2018, ulionyesha kwamba robo ya dozi ikinywewa na kifungua kinywa chenye mafuta kidogo ilishusha kipimo cha damu cha saratani hiyo si chini ya dozi kamili. Nchini India, jaribio lililochapishwa katika kipindi cha 2022 na 2023 liliongeza kiasi kidogo sana cha dawa ya saratani iitwayo nivolumab, chini ya sehemu moja ya kumi ya dozi ya kawaida, kwenye tiba ya saratani ya kichwa na shingo iliyofikia hatua ya juu. Waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja walipanda kutoka asilimia 16 hadi 43. Jaribio hilo halikulinganisha dozi ndogo na kubwa, kwa hiyo halithibitishi kwamba zinalingana. Linathibitisha kwamba kidogo ni bora sana kuliko hakuna, na kwa mgonjwa asiyeweza kulipia kikubwa hilo ndilo swali lake halisi.

Kwa nini majaribio ya namna hii ni machache? Jibu si fumbo. Anayelipia majaribio mengi ya dawa ni muuza dawa, na hakuna muuzaji anayefanya utafiti wa kuuza robo.

Kuhusu bima, nitakuwa mfupi kwa sababu yameandikwa mengi. Hoja ya kumtaka mgonjwa achangie kidogo kila anapotibiwa imejengwa juu ya imani kwamba, akiguswa mfukoni, ataacha huduma asizozihitaji. Imani hiyo ilipimwa kwa jaribio kubwa la taasisi ya RAND huko Marekani, lililoanza miaka ya 1970 na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Familia zilipangiwa kwa bahati nasibu bima za viwango tofauti vya uchangiaji. Waliochangia walipunguza kwenda hospitali, ndiyo. Lakini walipunguza huduma zinazofaa na zisizofaa kwa kiwango kilekile. Mtu wa kawaida hana namna ya kujua maumivu haya ya kifua ni gesi au ni moyo, na hilo ndilo analomwendea daktari. Kumtoza ili aamue mwenyewe ni kumwachia kazi ya daktari kabla hajamfikia daktari. Na kwa mwenye saratani au figo zilizokufa, hoja nzima haina maana hata kidogo. Hakuna anayesafisha damu kwa starehe.

Kinachofanya kazi ni dari. Ujerumani imeweka kwamba michango ya mgonjwa mwenye bima ya umma isizidi asilimia 2 ya mapato ghafi ya kaya kwa mwaka, na asilimia 1 kwa mwenye ugonjwa sugu. Tazama mwelekeo: mgonjwa zaidi, mchango pungufu. Mifumo mingi hufanya kinyume bila kukusudia, kwa kuwa anayetibiwa mara nyingi ndiye anayechangia mara nyingi. Japani ina dari ya kila mwezi tangu 1973, inayotegemea kipato, na inashuka zaidi mgonjwa akiifikia kwa mara ya nne ndani ya miezi kumi na miwili, kwa kutambua kwamba mwezi wa nne wa ugonjwa si sawa na wa kwanza. Thailand ilianza mpango wake wa afya kwa wote mwaka 2002, na malipo ya mfukoni yakashuka kutoka takriban theluthi moja ya matumizi yote ya afya hadi karibu sehemu moja ya kumi. Ila hata huko, usafishaji wa damu haukuwemo mwanzoni, na familia za wagonjwa wa figo ziliendelea kufilisika katikati ya mafanikio hayo hadi ulipoingizwa mwaka 2008, huku ule wa tumboni, unaofanyika nyumbani, ukipewa nafasi ya kwanza. Sitajifanya kwamba usafishaji wa nyumbani unamfaa kila mtu. Lakini uamuzi ule ulihesabu barabara pamoja na mashine.

Dari ya ankara, hata iwe nzuri namna gani, hairudishi mshahara. Ujerumani hiyohiyo humlipa mfanyakazi anayeugua mshahara kamili kwa wiki sita, kisha asilimia 70 ya mshahara ghafi, hadi wiki 78 ndani ya miaka mitatu kwa ugonjwa uleule. Nusu hii ya pili ya ulinzi ndiyo inayosahaulika nchi zinapoiga bima za wenzao. Na kuiga kwenyewe si rahisi: Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wafanyakazi wa dunia wako katika ajira zisizo rasmi. Likizo ya ugonjwa haimhusu mtu asiye na mwajiri. Kwake, njia iliyo wazi ni fedha taslimu zinazoanza kutoka siku ugonjwa unapothibitishwa, zikipitia hospitali ileile inayomtibu. Baadhi ya nchi tayari hufanya hivyo kwa wagonjwa wa kifua kikuu, kwa viwango vidogo. Sioni sababu ya msingi ya kumpa wa kifua kikuu nauli na kumnyima wa saratani ya mlango wa kizazi, isipokuwa kwamba cha kwanza kinaambukiza na kinatutisha sisi wengine.

Pahala ambapo serikali haipo, hujaza michango. Leo ombi linazunguka kwenye simu, lina picha ya mgonjwa na namba ya kutuma fedha. Nimechanga na nitaendelea kuchanga, na sitaki kuonekana ninawabeza wanaoomba. Lakini kama utaratibu wa kugawa matibabu, ni utaratibu wa kikatili. Unampa mwenye marafiki wengi na kumnyima mpweke. Unampenda mtoto kuliko mzee, ajali kuliko kisukari, upasuaji wa mara moja kuliko ugonjwa wa miaka kumi. Mgonjwa anapaswa atangaze mwili wake, aonyeshe jeraha, aeleze choo chake kwa watu asiowajua, halafu miezi sita baadaye akionekana amevaa nguo mpya aulizwe zimetoka wapi. Na ombi la pili halipati nusu ya lile la kwanza. Ugonjwa sugu hauna kilele cha hadithi, na wachangiaji, kama wasomaji, hupenda hadithi iishe.

Kuna utafiti mmoja ninaurudia mara kwa mara. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya ufuatiliaji wa wagonjwa wapya wa saratani 9,513 katika nchi nane za Kusini Mashariki mwa Asia. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 29 walikuwa wamekufa. Asilimia 48 walikuwa hai lakini gharama za matibabu walizolipa wenyewe zilikuwa zimefikia angalau asilimia 30 ya mapato ya kaya ya mwaka. Waliobaki, asilimia 23, walikuwa hai na hawajaanguka kifedha. Chini ya robo.

Niliposoma mara ya kwanza nilishikwa na ile 48. Siku hizi najikuta kwenye ile 29. Kwa namna makundi yalivyopangwa, aliyekufa aliingia kwenye safu ya vifo, basi. Kama nyumba yake ilikuwa imeuzwa kabla ya mazishi, kama mkewe alikuwa anadaiwa na watu sita, kama kijana aliyeacha shule ili amuuguze alirudi au hakurudi, safu hiyo haina nafasi ya kuandika. Daftari la dada yule nililolitaja juu halikufungwa siku ya msiba. Kurasa mbili za mwisho zina majina ya watu na kiasi, na alama ya vema pembeni mwa waliokwisha kulipwa. Mara ya mwisho nilipoliona, alama zilikuwa nne.